Kasiksi ya Mukamurenzi Haina Sumu

Mi naitwa Falone, natoka Kibua, na naleta mawese ku soko ya Kalembe. Nasema hii mapema juu watu wakisikia hii habari wanaulizaka: na wewe Falone, uliingia mu kesi ya watu wa Nyamitaba sababu gani? Niliingia juu nilitaka. Sina roho ya kuangalia muntu anaonewa na mi nimenyamaza. Kama hauipendi, funga masikio.

Habari yenyewe ni ya rafiki yangu Anastasie Mukamurenzi, mama wa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Leo ukifika Kalembe na kiu, hata mutoto mudogo atakuonyesha kwake. Iko mama murefu, anasema polepole, na mikono yake iko migumu juu ya kukamua ndizi tangu usichana. Alizaliwa Nyamitaba, mu nyumba ya walimaji wa maharagi na mihogo, na mama yake njo alikuwa anaitwa kila mara kukiwa ubatizo ao harusi, apike pombe. Binti akajifunza palepale. Ndizi inalazwa mu shimo mpaka inaiva, inakamuliwa na majani mu mutumbwi ya mbao, inachanganywa na maji, wanamwangia unga ya mutama ya kukaanga, wanafunika, na ile kintu inachemka yenyewe bila moto. Ukifungua mapema unauzisha maji ya sukari. Ukichelewa, watu wanakunja sura. Anastasie hakufungua mapema na hakuchelewa, na ile njo ilimuletea mateso.

Aliolewa na Élie Sebarenzi, mulimaji wa kilima ya karibu, mwanaume mupole. Mupole wa kupita kiasi, mi nasema. Ule muntu hata kuku ikiingia mu nyumba anaiomba pole. Walizaa binti mumoja, Cindy. Anastasie akaendelea na kasiksi, na akaingia mu umoja wa wamama wapishi wa Nyamitaba.

Ile umoja, siwezi kudanganya, ilikuwa kintu ya maana. Walikuwa wanapeana zamu. Siku ya soko, mama mumoja tu njo anauzisha, wengine wanamupa bidon zao za kuwekea pombe na mutumbwi zao, wanamutumia wateja, wanamufagilia kiwanja. Soko inayofuata, mwingine. Hivi pombe ya muntu haikulala, na hakuna mama aliyekuwa anagombana na mwenzake juu ya wanywaji. Na kulikuwa desturi moja kubwa kupita zote. Kwetu huku haumupe muntu pombe bila kuionja kwanza wewe mwenyewe. Iko heshima, na iko ulinzi pia, juu kila kilima iko na habari yake ya muntu alikufa nyuma ya kunywa kwa jirani, ya kweli ao ya uongo. Basi mwenye zamu alikuwa anakunywa wa kwanza, prezidanti anakunywa wa pili, na wamama wote wa umoja wanafuata, mbele ya watu. Wakimaliza, hakuna tena wa kuuliza kintu.

Prezidanti alikuwa Béata. Yeye njo alianzisha umoja, tumupe yake. Lakini Béata alikuwa na ile ugonjwa ya watu wanaoanzisha vintu: kila kinachokuwa kizuri ndani yake, alitaka kiitwe chake. Zamu yake moja pombe ilimuharibikia. Ilikuwa kali mpaka wanaume waliimwanga chini palepale, wakacheka, mumoja akamuambia apeleke nyumbani, atie ku saladi kama siki. Mama mwingine angecheka nao na kuanza tena. Béata aliimeza ile aibu. Na soko iliyofuata ilikuwa zamu ya Mukamurenzi.

Kiwanja ilijaa kabla jua kupanda. Watu walikaa mpaka ku majani, wengine walikuja na viti zao. Anastasie akaonja, akajaza kopo, akamupa prezidanti na mikono mbili. Béata akasimama. Akapeleka kopo ku kinywa. Akanusa. Akasimama hivi kidogo, watu wote wanamuangalia, kisha akashusha ile kopo polepole, akaiweka ku benchi, ikiwa imejaa vilevile. Akapanguza midomo na kitenge, midomo yenye haikugusa kintu! Akakamata mutoto wake wa mugongo vizuri, akaenda.

Hakusema neno. Mumesikia? Hata moja. Kama angesema, wangemuita mbele ya shefu wa kilima, wangemuuliza umeona nini, angeleta ushahidi ao angetoa mbuzi ya faini. Alijua ile. Alinyamaza juu alijua kwetu ile inatosha.

Mwanaume mumoja akamwanga yake. Mwingine alikuwa amekwisha kunywa, akakimbia nyuma ya nyumba kuingiza vidole mu koo. Wamama wa umoja walikuwa wamesimama musitari, wanangojea kuonja, na hakuna mumoja aliyenyosha mukono. Anastasie akakamata ile kopo ya Béata, akakunywa mpaka chini, akajaza ingine, akakunywa, akasema: “Muniangalie! Niko hapa!” Na muntu mumoja, siwezi kumutaja juu alikufa na Mungu atamuuliza, akajibu kutoka nyuma: “Mwenye sumu iko na dawa yake mu tumbo.” Basi. Hapo njo alimalizika.

Nyuma ya pale kila kikohozi ya Nyamitaba ilikuwa yake. Mupapa mumoja, muzee mwenye maini mabaya tangu zamani, alikufa, wakasema ni Mukamurenzi. Ng’ombe ikatupa mimba, Mukamurenzi. Na huyu Béata alikuwa anapita mu manyumba, anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema “tumuachie Mungu.” Ekie! Mungu wa nani?

Haya yote Anastasie angevumilia. Aliniambia hivi mwenyewe. Lakini mama mukwe wake, Mama Nyiramana, alikuja akamukamata Cindy mukono amupeleke kwake, akasema mutoto hatakula tena mu hizi mikono. Élie alikuwa amekaa palepale, mupole. Akaangalia chini. Siku ingine Anastasie alipika maharagi, akaenda kumungojea mutoto ku njia ya masomo, akamufungulia sahani. Cindy akaangalia maharagi, akaangalia mama yake, akaanza kulia. “Bibi amesema nisikule.” Mutoto alikuwa na njaa, analia juu ya njaa, na hakula. Anastasie akafunika sahani. Akafunga vintu zake, akapanda moto, ile pikipiki ya kubeba watu, mpaka Mweso, na kutoka Mweso mpaka kwetu Kalembe.

Alikuja kukaa karibu na mawese yangu, na mihogo ya kuchemsha mu beseni. Alikuwa hasemi na muntu. Mi siwezi kukaa na muntu asiyesema, inaniuma kichwa. Nikamuchokoza: “Dada, ile mihogo unauzisha ao unaichunga?” Hakucheka. Soko ingine nikamuchokoza tena. Mwisho akanitolea yote, bila machozi, sauti ileile ya chini. Aliponifikisha ku ile sahani ya maharagi, nilisimama na kibuyu yangu mu mukono. Nikamuambia: “Twende. Leo. Tupande moto, tumufikie kwake, mi niko na mikono.”

“Hapana,” akasema. “Ukimupiga watamuonea huruma.”

“Basi tumuloge!”

“Akikufa ataenda na ukweli. Sitaki afe, Falone. Namuombea maisha marefu kila asubui. Nataka aseme na kinywa yake, mbele ya watu, kama ile kopo haikukuwa na kintu. Niko na nafasi ya kungojea.”

Niliogopa kidogo, nasema ukweli. Mi hasira yangu inawaka na inazimika. Yake ilikuwa imefunikwa, inachemka ndani.

Basi nikaanza na kile naweza. Kwetu Kibua ndizi inaoza mu mashamba juu barabara iko mubaya, nikaongea na kaka zangu, wakaanza kumuletea. Gentille, mushonaji mwenye mashini mbele ya soko, akamupa kiwanja yake ya nyuma. Mutumbwi tuliazima kwa mupapa mumoja wa Kalembe. Siku ya kwanza, watu wakasimama mbali, juu habari ya sumu inasafiri kupita moto. Mi nikaingia katikati. Anastasie akaonja, akanipa. Nikaangalia ile watu yote, nikawaambia: “Kama nakufa, mawese yangu mugawane.” Nikakunywa. Yesu wangu, ilikuwa tamu! Nikaomba ya pili, na ya pili haikukuwa tena ya ushahidi, ilikuwa ya butamu. Gentille akakunywa. Wenye kuendesha moto wakakunywa. Kabla ya saa sita bidon ilikuwa inapiga makelele ya utupu.

Kutoka pale ikazaliwa umoja ya Kalembe. Lakini hii haikukuwa ya pombe peke yake, Anastasie hakukubali. Alisema wapishi peke yao wataoneana wivu, tuchanganye. Tukachanganya: mawese, kushona, mandazi, maharagi ya watu wa Masisi, samaki ya kukausha ya watu wa Walikale, wenye moto pia. Mugeni akiingia, siku yake ya kwanza wote wananunua kwake kabla ya kuuzisha zao. Muntu akifiwa, vintu zake njo zinauzishwa mbele. Barabara ikifungwa juu ya vita, wenye akiba wanakopesha wenye hawana mbegu. Tukamuchagua prezidanti. Alikataa mara mbili, ya tatu nikamukemea mbele ya watu, akakubali.

Na kule Nyamitaba? Hapa njo utamu iko. Walevi siyo wajinga, sikiliza. Wakafikiri: kama wamama wenyewe wanaogopana, sisi tunakunywa sababu gani? Na wamama wakafikiri ingine: Béata akishusha kopo yangu siku moja, nitaenda wapi? Ikawa siku ya zamu wengine wanagonjwa, wengine wana kilio ya mujomba. Hakuna wa kuonjea mwenzake. Vijana wakarudi ku pombe kali ya mu sashe za plastiki. Mama mumoja wa ule umoja, Umurerwa, alikuja Kalembe kununua samaki, akatueleza haya, na Anastasie akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza namusikia anacheka, na haikukuwa kicheko ya kukufurahisha.

Akamuambia Umurerwa: “Wewe pia ulikuwa mu musitari siku ile.”

“Nilikuwa,” Umurerwa akasema. “Niliogopa.”

“Kuja Kalembe. Kuna nafasi yako. Na uambie wengine waje.”

Nilimukalipia ile siku. Nikamuambia uko unapokea watu walikuacha! Akanijibu, akiwa anachunga unga ya mutama: “Nawapokea wote. Mumoja mumoja. Mpaka Béata abaki na benchi yake.” Hapo njo nilifahamu kama huyu mama haikukuwa anasamehe muntu. Alikuwa anamufumulia Béata umoja yake kama muntu anafumua sweta, uzi kwa uzi. Na walikuja. Kila mumoja alifika na bidon na aibu, akapewa kiwanja, akanunuliwa wa kwanza. Béata peke yake hakuitwa.

Mwisho akakuja bila kuitwa.

Alishuka ku moto na bidon mbili, amekonda, viatu matope mpaka juu. Sikumujua. Anastasie alimujua kutoka mbali, nikaona mikono yake imesimama juu ya mutumbwi. Béata akakaribia, akapiga magoti kidogo, akasema: “Mama Cindy, habari ya siku nyingi.”

“Usiniite ile jina,” Anastasie akasema. “Cindy iko kwa bibi yake juu yako.”

Béata akaanza kueleza. Bwana yake iko mugonjwa, pombe yake hainunuliwe, wamama wote wako huku. Aliomba zamu moja tu mu umoja yetu. Mi nikafungua kinywa, Anastasie akanigusa mukono, nikaifunga. Haikukuwa rahisi.

“Rudi Nyamitaba,” akamuambia. “Siku ya Mungu, nyuma ya misa, pale mbele ya mulango wanatangazaka habari. Useme ile siku ulinusa nini mu kopo yangu. Nyuma uje.”

“Na zamu?”

“Nyuma uje.”

Mi nilienda kuwa shahidi. Hakuna aliyenituma, nilijituma. Béata alisimama mbele ya kanisa, kitenge yake imekunjwa vizuri, na mwanzoni sauti haikutoka. Nikakohoa kwa nguvu. Akasema: “Ile kopo ya Mukamurenzi haikukuwa na kintu. Sikunusa kintu. Yangu walikuwa wameimwanga, na kwake watu walijaa. Njo niliiweka chini.” Kisha Mama Nyiramana, ule mama mukwe, akakaa chini ku majani na nguo yake ya misa, akamuuliza: “Na wewe njo ulikuwa unakuja kwangu kunipa pole?” Élie alikuwa analia ku ukuta. Nikamufuata nikamuambia, futa machozi, baba, na umupeleke mutoto kwa mama yake, mara moja mu maisha yako fanya kintu. Akafanya. Ile wiki wakapanda moto, yeye na Cindy.

Cindy alikuwa amekomaa, musichana wa kuvaa soksi nyeupe. Anastasie akamukumbatia pale mbele ya soko yote, na wamama wote wakalia, na mi pia, sina haya. Mutoto akabaki kwake, nilifikiri imeisha. Nilifikiri Béata akija atapewa zamu, wengine wamepewa, na roho yangu ilikuwa imeanza hata kumuonea huruma. Kumbe mi ni mujinga.

Siku ya soko Béata akafika, na bidon zake, ameoga, amevaa vizuri, karibu anacheka. Wamama wa Nyamitaba wakamusogezea benchi. Akaonja pombe yake, akajaza kopo, akaipeleka kwa prezidanti na mikono mbili. Wote tulikuwa tumesimama. Kila muntu pale alijua kile Anastasie anaweza kufanya.

Anastasie akakamata kopo, akakunywa yote. Akaigeuza chini tuone. Akasema kwa sauti, yeye asiyepaza sauti: “Iko nzuri. Haina kintu. Anayetaka anunue, asiogope.” Béata akavuta pumuzi. Kisha Anastasie akamurudishia kopo, akasema: “Uzishe ku barabara kama unataka. Mu umoja hauingie.”

“Nilisema yote!” Béata akalia. “Mbele ya padri, mbele ya watoto wangu! Umeniaibisha, nimekubali, unataka nini tena?”

Anastasie akageuka. Akaita: “Cindy, kuja ukule.” Akatoa sahani, maharagi na mihogo, akaiweka mu mikono ya mutoto. Cindy alikuwa ametoka kutafuta kuni ku kilima na njaa, ilionekana. Akashika sahani. Akasimama. Hakugusa. Macho yake ilikuwa ku kinywa ya mama yake, inangojea. Hata yeye mwenyewe haikukuwa anajua kama anafanya hivi. Anastasie akachukua kipande ya muhogo, akaitafuna, akaimeza. Hapo njo Cindy akakaa, akaanza kula.

Nikaona Gentille amefunika uso.

“Umeona?” Anastasie akamuuliza Béata, polepole, sauti yake ileile ya kila siku. “Asubui hivi. Saa sita hivi. Mangaribi hivi. Siku huyu mutoto atakula bila kuangalia kinywa yangu, mi mwenyewe nitakutumia moto ije ikulete.”

Béata akakamata bidon zake. Zilikuwa nzito, zimejaa. Nilikuwa karibu, ningeweza kumushikia moja mpaka ku moto, na niliacha abebe.